Alhamisi Tuliyomngoja Bwana Mlimani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana tunayemngoja.

Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, na Mchungaji ameniomba niwaeleze habari ambayo wengi wenu mnaijua vipande vipande. Wengine mliiona kwa macho, kwa sababu siku ile mlikuwa chini mashambani na sisi tulikuwa juu tunaimba. Nitaieleza kama ilivyokuwa. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokosa mimi sitasema tulikosa sisi.

Mimi ni Zakaria, mkulima wa hapa hapa Mlola. Nalima kabichi, karoti na viazi pale bondeni. Nilibatizwa katika usharika huu, nikapata kipaimara hapa, na mke wangu Damari nilimwoa mbele ya madhabahu hii. Nilikuwa Mkristo wa kawaida. Kila Majilio nilisikia tukiambiwa tukeshe, Bwana yu karibu, na kila mwaka nililisikia neno hilo kama tangazo la redio linalohusu wilaya nyingine.

Kisha mdogo wangu Yoeli akafariki. Alikuwa anapasua mbao kule Magamba, mti ukamwangukia asubuhi, kabla ya saa nne akawa ameshaondoka. Tulimzika kesho yake. Ndugu zangu, tangu siku hiyo niliingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Nilikuwa nashika jembe na kujiuliza, je, kama ni leo? Je, kama ni sasa hivi, niko tayari? Nilitamani mtu aniambie siku ni ipi, nijiandae, nipumzike.

Na mtu huyo akaja. Alikuwa mwalimu wa dini aliyetoka mbali, akapanga chumba karibu na soko, akaanza kufundisha jioni. Jina lake sitalitaja. Alisema kwa upole, na Maandiko aliyajua. Alisema amepiga hesabu ya unabii na ameona kwamba Bwana atarudi mwaka ule ule, Alhamisi ya wiki ya pili ya Majilio. Nilijua, kama mnavyojua ninyi, kwamba Bwana mwenyewe alisema siku ile hakuna aijuaye. Nililijua neno hilo tangu kipaimara. Lakini hofu yangu ilitaka tarehe, nami nikaichukua tarehe.

Vuli ilipoanza sikupanda. Majirani walipanda maharage, shamba langu likaota magugu. Ng'ombe wetu wa maziwa, ambaye Damari alimkatia majani kila siku kwa miaka, nilimfungua zizini nikampeleka kwa kikundi cha wafuasi wa mwalimu, akachinjwa kwa ajili ya chakula cha pamoja. Nguo zangu nilizigawa, nikabaki na ya kazini na kanzu nyeupe tuliyoambiwa tushone kwa ajili ya siku ile.

Baya kuliko yote nililifanya ndani ya nyumba. Mama yangu mzazi alikuwa anaishi nasi. Alikuwa na presha, na zahanati walikuwa wamempa dawa za kumeza kila siku. Mwalimu alituambia kwamba anayemeza dawa wakati Bwana yuko mlangoni ameonyesha kuwa hamwamini. Nilikwenda chumbani kwa mama, nikachukua pakiti zote, nikazitumbukiza chooni.

Mama alinikuta natoka. Akaniuliza kwa Kishambaa, nami naleta kwa Kiswahili ili wageni waelewe.

"Zakaria, dawa zangu ziko wapi?"

"Mama, hazina kazi tena. Siku zimebaki chache."

"Daktari alisema nisikose hata siku moja."

"Daktari hajui Bwana anakuja lini."

Akanitazama. "Na Bwana akija ukamwambia ulimtupia mama yako dawa chooni, atafurahi?"

Nilimwambia asishindane na Roho, nikaondoka. Damari alipotaka kumpeleka zahanati apewe nyingine nilimkataza, na mama akamwambia Damari aache, asije akapigwa kwa ajili yake. Sikuwa nimewahi kumpiga mke wangu. Lakini mama alinitazama akaona mtu anayeweza kupiga.

Damari alivumilia mpaka ng'ombe alipoondoka. Wiki moja kabla ya siku yenyewe alikuja kusimama mbele yangu, watoto wawili wameshavaa viatu.

"Nakwenda kwa baba," akasema. "Nilitaka nimchukue na mama, lakini miguu yake haiwezi ile njia. Tafadhali, Zakaria, mwangalie mama yako."

Nikamjibu, "Bwana atamwangalia."

Alhamisi ikafika. Nilimwendea mama asubuhi nikamwambia avae, tutampandisha taratibu. Alikuwa amekaa jikoni anachambua maharage. Akasema magoti yanamuuma na mlima unateleza kwa mvua. "Nitamngoja hapa hapa jikoni," akasema. "Si atapita kote?" Nikamwacha, nikapanda.

Tulikuwa watu kama thelathini, wengine walitoka Magamba. Tulisimama ukingoni mwa msitu, wote tumevaa kanzu nyeupe, tukaimba. Mvua ilinyesha, ikakatika, ukungu ukashuka, ukapanda. Mnaijua hali ya hewa ya Desemba huku kwetu. Mimi nilikuwa na amani ya ajabu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilidhani amani ile inatoka kwa Mungu.

Ilipokaribia saa sita tukaona mtu anapanda peke yake. Alikuwa Mzee Hasani, jirani yangu. Shamba lake na langu limetengwa na mfereji tu. Ni Mwislamu, mtu wa rika la marehemu baba yangu, na walikuwa marafiki. Alifika anahema, suruali imejaa tope mpaka magotini. Sikumwamkia. Alisimama kidogo apate pumzi, kisha akasema:

"Zakaria, mama yako ameanguka. Sikuona moshi jikoni kwenu, nikaenda kupiga hodi. Nimemkuta chini. Mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki. Shuka tumpeleke hospitali."

Nilimgeukia mwalimu. Akasema bila kupandisha sauti, "Adui anajua saa imekaribia. Anatuma wajumbe wake watuondoe kwenye zamu."

Mzee Hasani akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Sikuja kubishana dini," akasema. "Nimekuja kumwita mtoto wa jirani yangu."

Watu wote walinigeukia wanangoja nitasema nini. Ndugu zangu, maneno niliyoyasema nayakumbuka kama yalivyo, kwa sababu nimeyarudia moyoni miaka sita sasa. Nilisema, "Nenda, Mzee. Bwana akija atamponya."

Aligeuka akashuka. Nilimwona akipita katikati ya kabichi za watu, anakwenda kwa haraka kuliko umri wake, mpaka ukungu ukamfunika. Sisi tukaanza wimbo mwingine.

Bwana hakuja. Kama saa kumi na moja jioni mwalimu alitukusanya akasema huenda kulikuwa na kosa katika kuhesabu, atafunga na kuomba, atatujulisha. Watu wakaanza kushuka mmoja mmoja bila kuagana. Baadaye nilisikia kwamba alihama, na wachache wakahama naye. Sijui waliko.

Nilifika nyumbani kungali na mwanga. Mlango umefungwa kwa kamba. Jikoni maharage yamemwagika sakafuni, mengine yamekanyagwa. Mke wa Mzee Hasani alinisikia, akaja mpaka uani. Alinieleza kwamba wanaume wanne walimbeba mama juu ya kitanda mpaka barabarani, wakapata gari, na Mzee Hasani amekwenda naye Lushoto. Damari amepigiwa simu, naye ameshafika huko. Yule mama hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula.

Asubuhi nilikwenda Lushoto. Nguo ya kazini niliyoiacha kwenye kamba ilikuwa imelowa kwa mvua, sikuwa na nyingine, kwa hiyo niliingia hospitali na ile kanzu nyeupe, tope mpaka kiunoni. Watu walinipisha njiani kama mwendawazimu. Mzee Hasani alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Aliponiona alisimama, akavua koti lake, akanipa.

"Vaa," akasema. "Mama asikuone hivyo."

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia baada ya lile nililomwambia mimi mlimani.

Ndani, mama alikuwa amelala, upande wa kulia umelegea. Damari anamlisha uji kwa kijiko. Hakunisalimia. Alinipa kikombe, akasema, "Shika. Nimechoka," akatoka nje.

Nikaanza kumlisha mama. Sikuwa najua kumlisha mtu mzima. Uji ulimwagika kidevuni, nikaufuta kwa mkono wa koti la Mzee Hasani. Mama alikuwa ananitazama, hawezi kusema. Nikachota tena. Ilichukua muda mrefu sana kikombe kile kuisha.

Wengine wakitoa ushuhuda husema waliona mwanga au walisikia sauti. Mimi sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliona tu, nikiwa na kijiko mkononi, kwamba jana nilipokuwa natazama mawinguni Bwana alikuwa amelala chini jikoni kwangu na mdomo umepinda. Na alipomtuma mtu kuniita, nilimrudisha. Alinikuta nimevaa kanzu nyeupe, nimefunga, nimeimba tangu asubuhi, na sikuwa tayari. Nililia, lakini taratibu, nisije nikamwaga uji.

Msidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Mama alikaa hospitali wiki kadhaa. Nilijifunza kumgeuza, kumwogesha, kumbadilisha shuka. Damari alirudi nyumbani kwa ajili ya mama. Alinieleza wazi kwamba si kwa ajili yangu, na ulipita mwaka mzima kabla hajacheka tena mbele yangu. Shamba lilikuwa pori. Kanisani sikuja, niliona aibu.

Ni Mchungaji aliyekuja kwangu. Alinikuta uani nafua mashuka ya mama. Nilidhani atanihubiria. Alikunja mikono ya shati, akashika upande mmoja wa shuka, tukalikamua pamoja, tukalianika. Tulipomaliza alisema tu, "Jumapili nitamletea mama Chakula cha Bwana. Na wewe utakuwepo?" Nikasema nitakuwepo.

Kwa Mzee Hasani nilikwenda mwenyewe. Nilimrudishia koti, limefuliwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba msamaha. Siku ile ulinifuata mlimani, nami nilikujibu vibaya."

"Mama amekula leo?"

"Amekula."

"Amemeza dawa?"

"Amemeza."

"Basi kaa," akasema, akaniagizia chai. Hatukulizungumza tena. Msimu uliofuata alinipa mbegu ya viazi bila mimi kuomba, akaja na wanawe wakanisaidia kusafisha shamba.

Sauti ya mama ilirudi polepole. Kwanza alisema maji. Baadaye majina ya watoto. Ilikuwa kama mwaka umepita ndipo nikapata ujasiri wa kupiga magoti kando ya kitanda chake na kumwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa shida, neno moja moja:

"Nilipoanguka nilikuita wewe. Nikaita, Zakaria. Hukuja. Nikamwita Yesu." Akapumzika kidogo. "Akaja Hasani."

Akaweka mkono wake wa kushoto, ule mzima, juu ya kichwa changu, akauacha hapo. Ndugu zangu, hapo ndipo hofu iliponiacha. Hofu niliyoipata siku ya mazishi ya Yoeli, hofu iliyonifanya ninunue tarehe kwa mgeni, iliniacha chini ya mkono wa mama, na haijarudi. Namshukuru Mungu aliyeniachia mama akiwa hai, wakati alikuwa na haki ya kumchukua. Namshukuru mke wangu Damari, ambaye yuko pale nyuma na anatamani nimalize. Namshukuru jirani yangu, ambaye hayumo humu ndani, lakini ninyi nyote mnamfahamu.

Msije mkasema Zakaria ameacha kumngoja Bwana. Bado namngoja, na sasa namngoja kuliko zamani. Atakuja, na tutamwona. Ila sitaki tena kuijua siku. Siku nikiijua nitajiandaa kwa siku hiyo peke yake, na hizi nyingine nitawatendea watu ninavyotaka.

Kama kuna mtu hapa leo ana hofu kama ile niliyokuwa nayo, asiipeleke kwa mwenye hesabu. Aje kwa Bwana Yesu nayo jinsi ilivyo. Atampokea, maana mimi alinipokea. Na kama kuna mtu nyumbani kwako umemwacha bila kumwangalia, usingoje ibada ya wiki ijayo. Mwendee leo. Mtumaini Mungu kwa mambo ya mawinguni, na hayo ya nyumbani yashike kwa mikono yako.

Nawaombeni radhi, sitakaa mpaka mwisho wa ibada. Binti yangu ndiye aliyebaki na mama, naye anatakiwa aje aimbe na kwaya ya watoto. Nakwenda kumpokea zamu.