Mikono ya Mama Vidole

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye faili ana jina lake kamili, lakini wodini ni Mama Vidole, naye huitika. Wengi mtakuja kwenye hafla kwa ajili ya keki. Mimi nitakuja na woga, kwa sababu Jumatatu nakabidhiwa wodi yake.

Jina hilo lilitokana na mtindo wake wa kupokea zamu. Kabla hajatazama mashine wala chati, hupita kitanda kwa kitanda, akiingiza mkono chini ya shuka na kushika vidole vya miguu vya kila mgonjwa. Babu mmoja aliwahi kumwambia kwamba hata mkewe hamshiki hivyo. Akajibiwa kuwa siku ya kuruhusiwa, mke ataandikiwa dozi hiyo. Wodi nzima ikacheka, na wakati wanacheka yeye alikuwa anasikiliza wanavyopumua. Alitufundisha kwamba damu ikianza kupungua, miguu hunyimwa mapema. Mashine huja kushtuka baadaye.

Wa zamani mnamkumbuka yule fundi cherehani aliyepasuliwa tumbo, mcheshi asiyefunga mdomo. Asubuhi moja presha yake ilikuwa nzuri na kidonda kikavu. Mama Vidole akamshika miguu, akakuta baridi, ilhali wodini sote tulikuwa tunatoka jasho. Na fundi, aliyezoea kumtania, siku hiyo alimwamkia kwa adabu, kisha akasema anaogopa na hajui anaogopa nini. Sisi tulitaka kusogea kitanda kinachofuata. Yeye akagoma, akamwita daktari, na daktari alikuja mbio kwa sababu alimjua. Fundi alikuwa anavuja damu kwa ndani. Akarudishwa chumba cha upasuaji, nasi tukakaa roho mkononi hadi alipotoka mzima. Sare mtakayomwona nayo Mama Vidole Ijumaa ameishona fundi huyo.

Miaka yote hiyo nilidhani mama huyu hana woga. Nilipomweleza kwamba naogopa kuachiwa wodi, hakunipa moyo hata kidogo. Alisema siku nikiacha kuogopa niombe uhamisho wa stoo, maana maboksi hayafi.

Wiki hii, kwenye mzunguko wa asubuhi, aliniambia nishike mimi. Alinifuata nyuma, mikono mgongoni. Kitanda cha dirishani yuko bibi aliyetolewa mawe ya nyongo. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Dirisha lilikuwa wazi, huenda ni upepo tu, na presha haikuwa na neno. Bibi alisema hajambo, ila amechoka. Nilimgeukia Mama Vidole, nikamwomba msaada kwa macho, akatazama ukuta. Nikashika miguu ya jirani yake, anayepigwa na upepo uleule: ya moto. Nikamwita daktari.

Maambukizi yalikuwa yameanza kuingia kwenye damu, na dawa ziliwahi. Leo bibi analalamikia chakula chetu, dalili nzuri kabisa. Kama ningempita, Mama Vidole alinieleza baadaye, angenirudisha kwa kola.

Nilimshika mkono kumshukuru. Ulikuwa wa baridi kuliko miguu ya bibi. Kumbe kule nyuma yangu alikuwa anaogopa kuliko mimi, na nadhani ndivyo alivyoogopa kila asubuhi, kwa kila kitanda.

Asante, mama, kwa woga uliotuachia. Wodi nzima inakuombea mapumziko marefu, afya njema, vicheko vya wajukuu, na usingizi usio na haja ya kusikiliza nani anapumuaje. Jumatatu nitaanzia kitanda cha mlangoni, kama wewe.