Trekta na Dumu la Petroli

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mafundi mliokuja na mikono ambayo sabuni imeshindwa nayo, poleni na safari, poleni na jua, na wale mliosimama kule kwenye magari sogeeni kidogo, maana sauti yangu imebaki nusu na sitaweza kurudia. Mimi ni kitinda mimba wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, na yeye mwenyewe kabla hajaondoka alinipa kazi ya kusoma jambo moja lililomo ndani ya maisha hayo, jambo la Jumapili tarehe 22 Agosti 2004, linalomhusu mdogo wake aliyekaa pale benchi la mwisho, ambaye kwa miaka ishirini na moja ametajwa kwa kicheko katika kila gereji ya mji huu. Juzi tulikaa kikao tukabishana kama lisomwe au lizikwe naye. Nitalifikia mahali pake.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Trekta tu, kiasi kwamba hata mapokezi ya hospitali waliacha kuuliza jina la kwenye cheti, alizaliwa Jumanne tarehe 11 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi bomba na mshona nguo. Mdogo wake alizaliwa tarehe 30 Juni 1955, wakalala kitanda kimoja, mmoja kichwani na mwingine miguuni, kwa miaka kumi na moja, na marehemu alikuwa akisema kwamba hakuna mtu duniani anayezijua nyayo zake kama huyo mdogo wake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akaendelea na sekondari ya ufundi ya kutwa hadi 1970, ambako aliongoza darasa katika fizikia na kufeli uchoraji, kisha akaingia chuo cha mitambo tarehe 18 Januari 1971 na kutoka na cheti mwishoni mwa 1973.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa kuwa mtunza mitambo katika kituo cha kusukuma maji, na hapo ndipo maisha yake yalipopinda, kwa sababu alikabidhiwa injini ya dizeli ya silinda sita iliyofungwa pale kabla yeye hajazaliwa, iliyokuwa ikifanya kazi usiku na mchana, na ambayo kwa miaka saba aliifungua mara moja tu, akakuta kuta za silinda bado zina mistari myembamba ya msasa iliyochorwa kiwandani, kana kwamba pistoni zilikuwa zimeanza kupita hapo wiki iliyopita. Alituhadithia mistari ile mara nyingi kuliko alivyotuhadithia harusi yake, akisema siku hiyo ndiyo aliyopenda kwa mara ya kwanza, na mama yetu kila aliposikia alimjibu bila kuinua kichwa, "Basi ungekaa huko huko, akupikie yeye."

Alifunga ndoa na mama yetu, wakati huo karani wa posta, tarehe 20 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa tarehe 7 Mei 1983, dada tarehe 29 Oktoba 1987, na mimi tarehe 14 Aprili 1996, siku ambayo marehemu alifika wodini saa tisa akiwa na ovaroli yenye grisi, muuguzi akamrudisha nje akanawe kwanza.

Tarehe 1 Septemba 1981 aliacha kazi ya maji, akafungua gereji na mdogo wake chini ya paa moja la bati, upande wa kushoto dizeli, upande wa kulia petroli, na kwa kuwa injini ya petroli huwaka kwa cheche ya plagi na ya dizeli haihitaji cheche, mdogo mtu akaitwa Plagi, na mkubwa mtu, kwa kelele zilizotoka upande wake, akaitwa Trekta, na wateja walikuwa wakikaa kwenye viti vya plastiki kuwasikiliza tu wanavyotaniana. "Kaka, hiyo ni injini ya kusagia nafaka," Plagi angesema, na marehemu angemjibu, "Yako inaimba, yangu inafanya kazi, tuone nani atastaafu kwanza."

Kilichowashangaza watu zaidi kilianza mwaka 1997, aliponunua mzoga wa gari dogo la milango miwili lililotengenezwa kwa ajili ya kasi, akang'oa injini yake ya petroli, akaweka ya dizeli yenye turbo, na kuanza kusema kwamba atalikimbiza. Hoja yake aliieleza kwa utulivu kwa yeyote aliyemcheka, kwamba petroli ni lazima uipandishe mpaka ipige mayowe ndipo ikupe nguvu, lakini dizeli inakupa nguvu yake yote chini kabisa, ukikanyaga mgongo unashikana na kiti na kilima kinalala, na kwamba injini iliyojengwa nzito ili kuvumilia mgandamizo wake yenyewe itavumilia pia ubishi wa dereva, na kwamba gari lenye kasi ni lile linalobaki barabarani wakati mengine yapo foleni ya kujaza mafuta. Alilithibitisha hilo tarehe 12 Septemba 1999, katika mbio za masaa sita kwenye uwanja wa ndege wa zamani, alipomaliza wa tatu huku akisimama kujaza mara moja tu, na wa kwanza akiwa amesimama mara nne, na jioni ile gari lile lile likatupeleka nyumbani sote, mama akiwa na sufuria mapajani.

Sasa nafika Agosti 2004. Gari lilikuwa limeshatembea kilomita laki nne na elfu kumi na mbili bila injini kufunguliwa, na Jumapili ile, katika mbio zile zile za masaa sita, marehemu akiendesha, baada ya masaa manne lilikuwa linaongoza kwa mizunguko miwili. Ndugu hawa wawili walikuwa na kanuni yao, kwamba dereva hashuki na hagusi mafuta, na anayejaza hufungua dumu, hunusa, ndipo humimina, na mnusaji alikuwa Plagi, kwa kuwa pua yake ilikuwa haikosei. Gari likaingia, likajazwa, likatoka, likaenda mizunguko mitatu, likazima. Pampu ya dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na petroli ni kavu, kwa hiyo pampu ilikuwa imekwama kama jiwe, na filta ilipofunguliwa harufu ya petroli ilimfikia kila aliyekuwa pale. Marehemu akasema mbele ya watu, "Plagi, hata leo mkono umekupeleka ulikozoea?" Watu wakacheka. Baba mdogo akasema, "Kaka, nilinusa," kisha akatazama mikono yake, akasema tena, "Nadhani nilinusa."

Hilo "nadhani" ndilo lililomkaa. Tarehe 1 Novemba 2004 alikusanya vifaa vyake upande wa kulia, akaenda kufungua kibanda chake, na wateja wakamfuata mpaka kule na mzaha ule ule, mpaka wengine wakaacha kumfuata kabisa. Nyinyi mafundi mnajua, na baadhi yenu mmeucheka mzaha huo kwa nguvu. Ambalo huenda hamlijui ni kwamba kuanzia siku ile baba mdogo hajawahi kujaza mafuta kwa mkono wake, hata gari lake mwenyewe, anampa mhudumu wa kituo ufunguo, anasoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye pampu, na anamwomba mhudumu naye asome. Nimemwona. Nilikuwa nimekaa naye kiti cha mbele, nikadhani ni uzee.

Marehemu alianza kuugua Februari 2023, mapafu yalipoanza kushindwa, madaktari hawakusema ni moshi wala hawakusema si moshi, na kwa miaka miwili na miezi tisa tukaishi na mitungi ya oksijeni kama watoto wengine wa nyumba, ya kubebwa, ya kulazwa, ya kuangaliwa imebaki kiasi gani, na sitawadanganya, tulichoka, naye alichoka kutuona tumechoka. Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa nane mchana, wodi namba mbili, kitanda cha dirishani, alivua barakoa ya hewa akaniambia, "Andika, na usinipambie, wewe unapenda kupamba." Nasoma alivyosema.

"Plagi alinusa. Alimimina dumu moja la dizeli, akaitwa kwenda kuangalia gurudumu la nyuma. Mimi nikashuka, nikaona tangi bado lina nafasi, nikachukua dumu lililokuwa karibu, nikaongeza lita kama nane. Sikunusa, nilikuwa na mafua, na nilikuwa naongoza. Lilikuwa dumu la petroli la jenereta. Nilijua gari lilipozima, kabla sijafungua boneti. Mwanzo nilikuwa na hasira, halafu nikawa na aibu, halafu miaka ikawa mingi."

Nilimwambia amwite nduguye amwambie mwenyewe. Akaitwa, akaja Jumapili tarehe 19 Oktoba, akakaa kwenye stuli, na marehemu, ambaye siku hiyo alikuwa na pumzi ya maneno machache, akayatumia kumuuliza, "Gari lako linakula mafuta vipi siku hizi?" Baba mdogo akajibu, "Linakula kiasi, kaka." Kisha baba mdogo akapiga magoti akakaza gurudumu la kitanda lililokuwa linapiga kelele, akaaga, na mlango ulipofungwa baba akageukia ukutani. Hakujaribu tena. Alifariki Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi saba na siku ishirini na sita.

Kwenye kikao mama mkubwa alisema, "Mwanangu, mtu hasomewi makosa juu ya jeneza," na kaka akamuuliza, "Tutamsomea lini basi?" na tulipokuwa tumeanza kupandishiana sauti mama akasema, "Nimemsikiliza huyu mwanaume miaka arobaini na minne, nimechoka, lakini hili la mwisho mpeni." Marehemu hakuniagiza niombe msamaha kwa niaba yake, alisema huo huombwa na mwenye kosa akiwa na pumzi, na yeye alikuwa nazo akazitumia vibaya. Aliniagiza niseme tu, na niseme mbele ya mafundi. Baba mdogo, ulinusa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili, hasa yule aliyejifunza kumwita Trekta na kumsikiliza habari za turbo huku akimpima joto, tunamshukuru muuza oksijeni aliyetuletea mitungi hata siku ya mvua kubwa, majirani waliotupisha maegesho, walimu wenzake na dada waliomshikia vipindi, na mafundi wote wa kushoto na wa kulia, na kwenu mafundi tunaongeza ombi moja, kwamba mkitoka hapa na mtu akauanza ule mzaha, mmkatishe.

Baba, nimesoma ulivyosema, sikupamba. Wamesikia wote. Mdogo wako naye amesikia, amesimama, anakuja mbele, na mimi nakaa chini nimpishe. Pumzika sasa, kwa amani.