Ukingo wa Mama Mdiria

Ndugu waombolezaji, sikilizeni maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mdiria, wengine kwa upendo, wengine kwa kumcheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, kifungua mimba wa fundi bomba na mkunga, katika nyumba iliyopakana na mtaro mkubwa wa maji, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya mtaro huo, akamaliza sekondari mwaka 1975, kisha akaajiriwa katika studio ya picha za vitambulisho, ambako kwa miaka mingi aliwaambia watu wainue kidevu na wasicheke. Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi redio, aliyemtangulia kuiaga dunia, wakajaliwa binti mmoja, huyo aliyeketi mbele.

Studio ilipofungwa mwaka 2013, kwa kuwa kila mtu sasa ana simu, dada hakukaa kulia, alichukua kamera na ndoo ya kukalia, akashuka mtaroni, kwenye maji yale yale mnayotupa chupa, kumvizia mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki. Alimchomekea kijiti kwenye tope, akijua atatua pale kumpigapiga samaki kabla ya kummeza, akangoja, mbu wakimla, mpaka akampata. Mlisema amerukwa na akili, hadi picha aliyompiga ndege huyo ilipotoka kwenye kalenda ya mtaa, hapo ghafla akawa mama yetu sote.

Mwaka 2021 kamati ya mtaa, kwa nia njema, nasema hivyo kwa kuwa nimeombwa niseme, iliamua kumheshimu kwa kumjengea mahali pa kutazamia ndege, benchi la zege na ukuta kando ya mtaro. Dada alikwenda hadi nyumbani kwa mwenyekiti kueleza kwamba ndege huyu hatagi mtini, huchimba shimo kwenye ukingo wa udongo, na humo mna makinda, akaomba wasubiri hata wiki tatu tu, akajibiwa kwamba mama, ndege ana mabawa, na mafundi wameshafika. Wakaupiga ukingo wote plasta, shimo na vilivyomo. Siku ya uzinduzi alipewa mkasi akate utepe, na mdiria alikuwa juu ya kijiti, samaki mdomoni, kichwa kikitazama nje, jinsi anavyobebwa wa kulishia makinda, akiruka hadi ukutani, akirudi, akiruka tena. Dada aliuweka mkasi chini, akaenda zake nyumbani, na kamera hakuishika tena.

Aliugua kifua kuanzia Januari 2023, akafariki hospitalini alfajiri ya tarehe 17 Februari 2024, akiwa na miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfulia na kumpikia, na wenzake wa studio waliosafisha picha hii iliyo juu ya jeneza. Kamati nayo tunaishukuru kwa shada, na kuhusu taarifa kwamba benchi litapewa jina lake, familia inaomba lisipewe.

Pumzika kwa amani, dada yetu, kaburi lako tumekataa lipigwe plasta, litabaki udongo.