Bi Mwanahija binti Alawi na Haki ya Chenga

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutuhani, marehemu Bi Mwanahija binti Alawi alizaliwa mwaka 1919 hapa Bagamoyo, mtoto pekee wa Mzee Alawi na Bi Tatu, akasoma chuoni hadi akahitimu Kurani, na shule hakupelekwa, jambo lililomuuma mpaka uzeeni.

Mwaka 1937 aliolewa na Sadallah, mkwezi wa minazi, wakajaliwa watoto watatu, Dadi, Somoe na Kibibi, na mumewe alipofariki mwaka 1956 alishika mchi, akawatwangia watu mpunga, akawalea wanawe kwa ujira huo na kwa chenga, yaani vipande vya mchele vinavyovunjika kinuni, ambazo kwa ada yetu ni haki ya mtwangaji, hata mwenye mpunga awe bahili namna gani.

Machi 1968 Mzee Mwinyijuma, mfanyabiashara wa hapa mjini, alileta mashine ya kukoboa, vinu vikalala, watwangaji wakakosa riziki, na chenga zikaliwa na kuku wa mwenye mashine. Wapo waliotaka ichomwe moto, marehemu akawakataza, akisema mashine haina kosa, mwenye kosa ni anayekula peke yake. Agosti mwaka huohuo Mzee Mwinyijuma alikuwa anaozesha binti yake, na mchele wa harusi kwetu hutwangwa na kina mama kwa nyimbo na vigelegele, basi alipowaita watwangaji, marehemu alimjibu kwa adabu zote kwamba mashine yake imkoboee, na ikishakoboa iimbe.

Hakuna aliyekwenda. Mke wa Mzee Mwinyijuma akaapa kwamba mwanawe hatoki kimyakimya kama mwizi, na kabla jua halijatua mzee mwenyewe alikuja barazani kwa marehemu, akakubali mbele ya wazee kwamba chenga zote za mashine ni za watwangaji, na kwamba watakaoiendesha watatoka miongoni mwao. Harusi ile walitwanga mpaka ardhi ikatetema, na marehemu akawa mwanamke wa kwanza hapa kuiwasha mashine.

Novemba 1977 aliugua kifua, akalazwa hospitali, na alfajiri ya leo, Ijumaa tarehe 12 Mei 1978, ametutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, kina mama wenzake wa mashine, na Mzee Mwinyijuma, aliyetangulia watu wote kubisha hodi alfajiri, akaomba kulibeba jeneza upande wa mbele, nasi tumemkubalia.

Tunalia, lakini tunajivuna. Pumzika kwa amani, mama, ulidai na ukapewa.