Baba Aliyekatazwa Kutembea

Mchungaji, wazee, majirani wetu wa mtaa wa Satellite, jamaa na marafiki, mimi ni Thuo, kifungua mimba wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, na ninaomba mnivumilie pale nitakaposhindwa.

Marehemu Jamleck Kibe alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa Riruta, akasoma shule ya msingi hadi mwaka wa 1964, akafiwa na babake, akaacha masomo na kwenda kufyeka nyasi katika bustani za watu Lavington. Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa kuwa tarishi katika afisi ya mawakili katikati ya jiji, na kwa miaka thelathini na mitatu alitoka hapa alfajiri, akashika Ngong Road kwa miguu hadi mjini, akapanda ngazi orofa sita, akapeleka barua mahakamani na benki, jioni akarudi kwa miguu vilevile. Wenzake walimtania kwamba Kibe ana injini, naye akawajibu kwamba injini yenyewe inakunywa uji tu.

Alimwoa mama yetu, aitwaye Wangu, katika kanisa hili hili, tarehe 7 Desemba 1974, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Debra.

Alistaafu Desemba 2003, lakini miguu haikustaafu, kila Jumapili baada ya ibada alitembea hadi kwangu Lavington kuwaona wajukuu, amebeba sukuma kwenye mfuko, vumbi hadi magotini, na siku moja jirani yangu akaniuliza kwa nini yule mzee wa mboga hupenda kuketi na askari wangu langoni, nami, jamani, badala ya kusema huyo ni baba yangu, nikacheka.

Wiki hiyo hiyo nilinunua gari, nikamwajiri Dalmas awe dereva wake, nikawaambia Mama na Debra kwamba Mzee asionekane tena barabarani, watu watasema ana mtoto na bado anakanyaga lami. Baba alinisihi nimwache, akasema miguu inamwasha, nami nikamwambia apumzike, ametumika vya kutosha. Basi akaketi barazani, akanenepa, wageni wakanisifu kwa kumtunza, nami nikavimba kichwa.

Tarehe 16 Mei 2006 alipatikana na presha, mia moja na tisini kwa mia moja na kumi, na daktari wa kliniki pale Dagoretti Corner akatueleza kwamba kukaa bila mazoezi huongeza hatari, akamwandikia dawa, akamwambia arudie kutembea, polepole, kila siku. Baba alifurahi, akataka kuanza pale pale hadi nyumbani, lakini mimi niliamini mtu wa presha hasumbuliwi, nikamfungia mlango wa gari, na tulipofika nikachukua viatu vyake vya safari nikampa Mwololo, askari wangu.

Tarehe 9 Juni 2007 alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, ulimi ukafungika, na kwa miezi kumi na minne tulimwona amelala kitandani, mguu wa kushoto ukichezacheza chini ya blanketi. Alituacha Jumamosi, tarehe 2 Agosti 2008, saa tisa mchana, akiwa na miaka sitini. Daktari ameniambia presha huja kwa njia nyingi, hata kwa ukoo, nisijitwike yote, nami namshukuru, ila mzigo huu sijui nitautua wapi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotusaidia kumgeuza kitandani, wenzake wa afisini, na Mwololo, ambaye jana alivirudisha vile viatu, vimepigwa rangi vizuri, akasema hakuwahi kuvivaa kwa sababu alijua mwenyewe atavitaka. Mama amemvisha.

Desturi inanitaka nimalizie kwa kumwambia apumzike kwa amani. Siwezi. Kupumzika nilimwambia akiwa mzima, nikamwambia kila siku, akanitii.

Baba, viatu unavyo. Hakuna wa kukuzuia tena. Tembea kwa amani.