Uso wa Mwanangu Sikuuza

Mama zangu, dada zangu wa kikundi chetu cha ufinyanzi, mugonile, habari zenu. Nitaongea nimekaa. Nikisimama nitapayuka, na huyu mdogo ndiyo kwanza amelala.

Mkubwa wangu alizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Kampuni moja inayonunua kokoa huku kwetu, jina sitaji, ililipia matibabu yake yote, pamoja na viatu maalum anavyobadilishiwa kila akikua. Hilo silikatai. Ila kabla ya kwenda hospitali, dada wa ofisini kwao alimpiga mtoto picha, akaniletea karatasi. Mimi nina kidato cha nne, nasoma vizuri tu, lakini niliona haya kuisoma karatasi mbele ya mtu anayenisaidia. Nikasaini.

Mwaka mpya kalenda zao zikatoka. Mwanangu huyo hapo, miguu imepinda, kamasi puani, nembo ya kampuni chini yake. Kila duka, Makwale mpaka Matema. Na wakati huo anatembea, yuko chekechea. Wenzake wakamwita Kalenda. Akawa hataki kwenda shule.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka. Udongo wangu ulikauka, vyungu sikufinyanga, sokoni Lyulilo sikukanyaga. Mama mkwe akaniambia, "Ukiwaudhi hao, viatu vya mtoto utanunua wewe?"

Kisha wakadhamini mashindano ya ngoma. Wakatuma neno: nije na mtoto, kaptula fupi, nisimame mbele ya wageni nishukuru. Na sisi wafinyanzi tupange vyungu mezani kwao, utamaduni wetu uonekane.

Nilimpelekea mwenyekiti wetu habari hiyo nikilia. Akaniuliza, "Wewe unataka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Sitaki."

"Basi hatupangi chungu hata kimoja."

Tulikwenda wote ofisini kwao. Yule dada akasema, "Lakini mama, ulisaini."

"Nilisaini miguu itibiwe. Uso wa mwanangu sikuuza."

"Kalenda zimeshagawiwa. Nizifuate duka kwa duka?"

Mwenyekiti akasema, "Kaa tu, mwanangu. Tutazifuata sisi."

Tukazifuata, mnakumbuka. Mwenye duka mmoja akagoma, eti tarehe ataijuaje. Shangazi yetu huyu hapa akamjibu, "Una simu mbili, na zote unaangalia mpira." Shangazi huyohuyo akaibandua mwenyewe.

Siku ya ngoma hatukwenda. Nililala na hofu wiki nzima, naangalia viatu vinavyombana mtoto.

Sasa anakwenda shule. Wapo wanaomwita vile bado, na hasira yangu haijaisha, nisiwadanganye. Ila nafinyanga.

Ndaga fijo, asante sana, mama mwenyekiti. Ndaga fijo nyote mlioacha vyungu vyenu juani kwa ajili yangu. Nanyi mlio na watoto wachanga, sikieni: kushukuru si kukubali kila kitu. Mimi nilishukuru, nikakataa, nikatetemeka. Mwezi uliofuata baada ya ngoma ile kampuni ilileta viatu, namba yake kabisa, na aliyevileta hakuja na kamera.