Majina Mia Tatu na Kumi na Nane kwa Mkono Mmoja

Mheshimiwa Diwani, Daktari wetu na wauguzi wote wa zahanati hii, Mwenyekiti mpya wa Kamati ya Mtaa, Mama Fundi ambaye leo tunamuaga baada ya miaka sita ya uenyekiti, wazazi, majirani, na nyinyi wadogo zangu mlioketi sakafuni karibu na mizani ya watoto: nawasalimu nyote, na nyote nawaomba mnistahimilie, kwa sababu sauti yangu ni ndogo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Sijamwambia mama, wala dada yangu ninayelala naye chumba kimoja, wala rafiki yangu wa dawatini. Zile sahihi za kughushi zilizotuaibisha kule manispaa miaka miwili iliyopita hakuziandika Mama Fundi. Niliziandika mimi.

Naomba mniache nimalize, maana nikinyamaza sasa sitaweza kuanza tena.

Wageni wetu huenda hawajui habari yenyewe. Mwaka ule manispaa ilitangaza kwamba zahanati hii itafungwa, na wagonjwa wake wote waende hospitali kubwa, ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa gundi, na mkunga wetu alilisoma mara mbili, akageuka, akasema, "Aliyeandika hili hajawahi kubeba mimba." Siku hiyohiyo Mama Fundi alizima cherehani yake, akatutuma watu kumi na watatu tupite nyumba kwa nyumba tukiomba sahihi.

Nami nilikuwa katibu wa kamati, katika umri wa miaka kumi na mitano. Sikuchaguliwa kwa hekima, ndugu zangu, nilichaguliwa kwa mwandiko. Kwangu lilikuwa jambo la kufaa sana, kwa sababu katibu huketi kwenye kona, huinamisha kichwa, na hakuna anayemtarajia aseme.

Waliowahi kuhudhuria mikutano yetu wanakumbuka jinsi ilivyokuwa. Tulikutana katika chumba cha kushonea, sare za shule zisizo na mikono zikining'inia juu ya vichwa vyetu, na sheria ilikuwa moja tu: kabla hujampinga mwenzako, urudishe kwanza alichosema, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndicho. Nani amesahau siku Fundi Baiskeli aliporuka kutoka kwenye kiti?

"Mwenyekiti, huyu mzee anaongea upuuzi mtupu!"

"Rudisha kwanza."

"Nirudishe nini sasa? Upuuzi?"

"Urudishe kama ulivyotoka, kaka yangu. Usiuongezee wa kwako."

Tulicheka, lakini akarudisha, na aliporudisha akakuta kwamba mzee alikuwa na hoja. Ni mara ngapi katika maisha yetu tumegombana na maneno ambayo hayakusemwa? Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, lakini jinsi ya kumsikiliza mtu nilifundishwa pale, chini ya zile sare.

Sasa nisikilizeni kuhusu sahihi. Karatasi zilirudi kwangu baada ya siku tisa. Mama Fundi aliniambia, "Zipange vizuri, Katibu, kesho kutwa zinakwenda manispaa." Nikazitazama. Moja ilikuwa na mafuta ya kupikia. Nyingine ilimwagikiwa chai. Kuna mtu alitumia penseli, kuna waliobonyeza dole gumba lenye masizi, kuna bibi aliyeandika jina lake kubwa hata likafunika majina ya majirani wawili, na nyuma ya karatasi ya saba mtoto alichora mbuzi mwenye miguu mitano. Niliona aibu. Niliwaza, mabwana wa manispaa wakiona hivi watatudharau, watasema hawa watu hata kuandika hawajui.

Basi nikakaa mezani mchana kutwa, siku ya Jumapili, nikapiga mistari kwa rula, nikayaandika upya majina mia tatu na kumi na nane kwa wino wa buluu, kwa herufi kubwa kama za kitabuni. Na kwa sababu kila jina lilihitaji sahihi, nikalitilia kila jina sahihi yake, nikijitahidi zisifanane. Kisha nikazichanachana zile karatasi chafu, nikazitia motoni. Nilikuwa na furaha, ndugu zangu. Sikudanganya kwa kutaka kudanganya. Nilidhani hiyo ndiyo kupanga vizuri.

Asubuhi ya kuzipeleka nilikuwa na mtihani, kwa hiyo Jumatatu nikaifunga bahasha nikamkabidhi Fundi Baiskeli, naye akaipeleka kesho yake, pamoja na Mama Fundi na mkunga. Mimi niliwafuata baada ya masomo, nikafika mlangoni wakati ofisa anaifungua. Alipekua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. Akavua miwani.

"Mama, huu ni mkono mmoja."

Mama Fundi alizichukua zile karatasi, akazitazama kwa muda mrefu. Alimtazama Fundi Baiskeli, akatutazama sisi wengine, kisha akasema, "Karatasi zimetoka kwangu. Kosa ni langu."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu nyuma yake. Nikainamisha kichwa, kama katibu.

Yaliyofuata mnayajua, na leo tunakaa katika chumba hiki kwa sababu yake. Ofisa alisema, "Kama hao watu wapo kweli, mbona hawakuandika wenyewe?" Na Mama Fundi, uso ukimwaka kwa aibu ambayo haikuwa yake, alimwambia, "Ngoja nirudishe kwanza, bwana mkubwa. Unasema ukiwaona wenyewe, wakaandika mbele yako, utapokea?" Ofisa akasema ndiyo, ndivyo nilivyosema. Mkunga alikuwa shahidi.

Tukagonga upya kila mlango. Watu wakaja. Foleni ilitoka kwenye meza ya ofisa, ikashuka ngazi, ikazunguka maegesho ya magari, siku tatu mfululizo. Yule bibi wa jina kubwa alitumia robo saa kuandika, na aliposhauriwa abonyeze dole gumba akajibu, "Mjukuu wangu, nimejifunza kuandika uzeeni ili niandike, sikujifunza ili nibonyeze." Watu mia tano na wawili. Siku ya nne manispaa ilituomba tusilete wengine, na tangazo likabanduliwa.

Msinipe sifa kwa hilo. Msiseme kosa langu lilizaa heri. Zahanati ilipona, lakini Mama Fundi hakupona. Sokoni waliokuwa wakimwita Mwenyekiti wakaanza kumwita Mama Sahihi. Wateja wengine walihama. Kamati ilipiga kura kama aondolewe, akabaki kwa kura saba dhidi ya sita. Katibu hapigi kura, mimi nilizihesabu tu, kisha nikaandika katika kumbukumbu za kikao, kwa ule mwandiko wangu mzuri: "Mwenyekiti alikiri kosa." Hakukiri. Alilipokea. Nilijua tofauti yake, na nikaandika hivyo.

Kwa nini nasema leo? Wiki iliyopita niliombwa niandike hati ya kumuaga, ile iliyo mezani pale chini ya kitambaa, ndani ya fremu, ambayo itatundikwa ukutani hapa tukishaondoka. Mstari wake wa nne unasema: "Ingawa aliwahi kuteleza katika suala la sahihi, tulimsamehe." Mstari huo niliamriwa na kamati, na nimeuandika. Mgonjwa yeyote atakayeketi kwenye benchi hili akisubiri zamu yake atausoma, mwaka huu na miaka ijayo, nasi tutakuwa tumemsamehe mtu ambaye hakutukosea.

Mheshimiwa Diwani, uliombwa kuikabidhi hati ile. Nakuomba, kwa heshima zote, usiikabidhi.

Mama Fundi, sina zawadi. Ulinifundisha kwamba mtaa haujengwi na wenye sauti kubwa, unajengwa na wanaorudi kugonga mlango uliofungwa jana. Mimi nimechukua miaka miwili kufika kwenye mlango wako. Nisamehe wewe, kama utaweza. Hawa wengine watasubiri zamu yao.

Ndugu zangu, mmeniazima masikio yenu kwa muda mrefu, na hamkunikatiza hata mara moja. Nawashukuru sana.

* * *

Hivyo ndivyo nilivyosema. Nayaandika na yaliyofuata, kwa kuwa bado ni katibu mpaka kikao kijacho kiamue.

Mama Fundi aliinuka, lakini hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja hadi alipoketi Fundi Baiskeli.

"Kaka, miaka miwili nilijua ni wewe," alisema. "Bahasha ililala kwako. Nilidhani ilianguka kwenye maji, ukaziandika upya, ukaogopa kusema."

"Mimi?" Fundi Baiskeli alishika kifua. "Dada yangu, mwandiko wangu hata mama mzazi haujui! Kumbe ndiyo maana baiskeli yako unaipeleka kwa yule mwizi wa stendi?"

"Ndiyo maana."

"Na mimi nilidhani ni wewe kweli. Ile kura nilikunyima."

"Najua. Ulinyoosha mkono kabla ya swali kwisha."

Hapo ndipo watu walipocheka, na Mama Fundi akaja akanishika bega. Alisema, "Ungeniambia siku ileile, ningekufokea nusu saa yakaisha. Sasa utanishonea vifungo vya sare sitini." Nilikubali. Diwani alirudisha kitambaa juu ya fremu.

Kesho yake, Jumatatu, nilivaa sare ya shule nikaenda manispaa kabla ya ofisi kufunguliwa. Ofisa ni yuleyule. Nilimwambia jina langu na nilichokifanya, akaleta faili letu, ambalo ndani yake kuna barua inayomtaja Mama Fundi kuwa mghushi. Nilimwomba karatasi. Niliandika maelezo ya ukurasa mmoja, nikakosea mara mbili, nikakata kwa mstari nikaendelea, nikatia sahihi. Akapiga muhuri, akaiweka juu ya ile barua.

Nilifika shuleni kipindi cha pili kikiwa katikati. Mwalimu aliniuliza, mbele ya darasa zima, nilikuwa wapi. Nikamwambia.